Wanaonunua viungo vya tovuti wanajitafutia hasara

Februari 2013, wiki chache kabla ya Siku ya Mama nchini Uingereza, kampuni kubwa ya kuuza maua ya Interflora ilitoweka katika majibu ya utafutaji ya Google. Mteja aliyeandika neno “maua” kwa Kiingereza hakuiona. Hata aliyeandika jina la kampuni yenyewe hakuletewa tovuti yake.

Kwa biashara ambayo mauzo yake yamebanana katika siku chache za mwaka, hilo lilikuwa pigo zito. Wakulima wa waridi wa Naivasha, nchini Kenya, ambao maua yao huuzwa Uingereza, wanajua Siku ya Mama ina maana gani katika hesabu zao.

Kwa mujibu wa wachambuzi waliofuatilia suala hilo, tatizo halikuwa ubora wa maua wala bei. Lilikuwa viungo, yaani maandishi yaliyo katika tovuti za watu wengine ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye tovuti ya Interflora. Matangazo yaliyoandikwa kama habari yalikutwa katika tovuti za magazeti mengi ya mikoani nchini humo, yakiwa na viungo vya aina hiyo. Muda mfupi baadaye Google ilitoa onyo kwa wanaouza na wanaonunua viungo. Interflora ilirejea mapema Machi, ikaiwahi sikukuu iliyokuwa Machi 10.

Vyombo vya habari, kama inavyoonekana, havikuwa na mikono safi katika sakata hilo.

Kisa hiki kinawahusu pia wafanyabiashara wa hapa nchini. Mwenye tovuti ya kampuni ya utalii, hoteli au mazao ya kuuza nje hakosi kupokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua, akiahidiwa mamia ya viungo kwa dola chache ili aonekane ukurasa wa kwanza. (Msafirishaji wa karafuu na mdalasini wa Zanzibar asichanganye mambo: viungo hivi havitiwi kwenye pilau.)

Ahadi hiyo inavutia kwa sababu ina chembe ya ukweli. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998 wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijenga mtambo wao juu ya wazo kwamba kiungo ni ushahidi. Tovuti inayotajwa na wengi ina uzito, na ikitajwa na wenye heshima inakuwa na uzito zaidi. Hadi leo viungo bado ni miongoni mwa mambo yanayopimwa, ingawa si hayo pekee.

Lakini idadi peke yake haisemi mengi. Viungo 500 kutoka tovuti moja si sawa na viungo 20 kutoka tovuti 20 tofauti. Kinachotakiwa kuangaliwa ni nani anayetoa ushahidi huo na ana uhusiano gani na biashara. Kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro ikitajwa na gazeti la wasafiri, chama cha mawakala wa utalii au mpanda mlima aliyesimulia safari yake, mambo yanaeleweka. Ikitajwa na tovuti za kamari na dawa za kupunguza unene, kuna jambo.

Maneno yanayobeba kiungo nayo husema mengi. Watu wanaotaja kampuni kwa hiari yao huandika jina lake, anwani yake, au neno “hapa” tu. Tovuti 50 zisizojuana zikitumia maneno yaleyale, tuseme “safari nafuu za Serengeti”, bila kupishana hata herufi, yeyote ataona kwamba ushahidi huo umepangwa.

Kulipia tangazo si kosa. Tangazo lenye kiungo linatakiwa tu liwe na alama katika programu ya ukurasa inayoueleza mtambo kwamba kiungo hicho kimelipiwa. Alama ya kwanza ya kuutaka mtambo usikihesabu kiungo ilikuja mwaka 2005, na ile ya viungo vilivyolipiwa hasa ikaongezwa mwaka 2019.

Upande wa pili wapo wanaouza hofu. Hawa humwandikia mwenye tovuti kwamba imejaa viungo vyenye sumu na kwamba watavisafisha kwa malipo. Ukweli ni kwamba tangu Septemba 2016 mfumo wa Google dhidi ya viungo vya hila umekuwa ukivipuuza zaidi kuliko kuizamisha tovuti nzima. Zana ya kuvikana viungo, iliyotolewa mwaka 2012, ni ya wale hasa waliopewa adhabu, au wanaojua kuwa waliwahi kununua. Asiyenunua hana sababu ya kumlipa msafishaji.

Uchunguzi wenyewe ni bure. Huduma ya Google iitwayo Search Console ina sehemu inayoonyesha tovuti zinazoitaja tovuti husika na maneno zinayotumia. Shida ni kwamba wafanyabiashara wengi hawana hata nywila ya huduma hiyo. Imebaki kwa kijana aliyewatengenezea tovuti, naye alishahamia kwingine. Mkataba wa kutengeneza tovuti unapaswa kumkabidhi mwenye biashara funguo zote siku ya malipo ya mwisho.

Dola zinazopelekwa kwa wauza viungo zingeweza kubaki mfukoni, kwani mashahidi wa kweli mara nyingi wapo tayari. Mnunuzi wa kahawa ya Moshi aliyeko Ujerumani, ambaye ameshaandika katika tovuti yake jina la chama cha ushirika anakochukua kahawa, anapoteza nini akiombwa aligeuze jina hilo kuwa kiungo? Ombi hilo ni la barua pepe moja. Kinachobaki ni chama chenyewe kuwa na ukurasa wa kumpokea mgeni huyo, wenye msimu wa mavuno, madaraja ya kahawa na anwani ambayo mtu akiiandikia hujibiwa.