Safari ya Pikipiki Wakati wa Maradhi

Mama mmoja wa Ngarenaro, hapa mjini Arusha, ametuletea barua ndefu ambayo hatutaitia yote katika ukurasa huu, kwani mengine ni ya ndani ya nyumba yake. Lakini swali lake ni la nyumba nyingi, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa tulijibu mbele ya wasomaji, ila majina tuyaache.

Asema ana watoto wawili wa kiume, watu wazima, na kila mwaka baada ya Idi ya Mfungo Mosi walikuwa wakipanda pikipiki zao kwenda Kondoa kumtazama bibi yao, mzaa baba yao. Mwaka 2020 Idi iliangukia mwishoni mwa Mei, na maradhi ya korona yamekwisha ingia. Mkubwa akasema mwaka huu tusiende, tupige simu. Mdogo akasema kumtazama bibi ni kuunga udugu, na barabara haikufungwa na mtu. Akaenda peke yake, akakaa siku tatu, akarudi. Siku kama kumi baada ya kufika kwake bibi akashikwa na homa na kikohozi, akalala wiki tatu. Alipona, walakini pumzi zake hazikurudi kama zamani, na mapema mwaka uliofuata akafariki, kabla chanjo haijaanza kutolewa nchini mwezi wa Julai 2021. Hakupimwa hata mara moja. Mdogo naye aliporudi Arusha alikaa siku kadhaa hanusi hata kitunguu, akadhani ni vumbi la njiani, na habari hiyo alimwambia mama yake tu. Mkubwa, katika siku za matanga, alimwita ndugu yake muuaji. Tangu siku hiyo hawajasafiri pamoja. Mama auliza: nani kati yao alikuwa na haki? Na maradhi ya namna ile yakitokea tena, safari ya pikipiki yapangwaje?

Yatupasa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa, maana watu husahau upesi mambo waliyoyaogopa. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Tanzania. Alikuwa mwanamke aliyetoka Ubelgiji, akashukia uwanja wa KIA siku moja kabla, na alipimwa hapa hapa Arusha. Mji wetu ndio uliokuwa mlango. Kesho yake shule zikafungwa, nasi wa madrasa tukawarudisha watoto majumbani. Ndege za abiria wa kimataifa zikazuiliwa tangu tarehe 12 Aprili hata 18 Mei. Hesabu ya mwisho iliyotolewa ni wagonjwa 509 na maiti 21. Baada ya hapo hesabu hazikutolewa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hivyo ndugu hawa wawili walipokuwa wakishindana sebuleni, hapakuwa na tarakimu yo yote ya kuwaamua. Mtu aliyetaka kujua kama Babati au Kondoa kuna ugonjwa, aliuliza kwa simu, na akahesabu maziko.

Majirani zetu walikwenda njia nyingine. Uganda ilikataza bodaboda kubeba abiria tangu mwezi wa Machi, zikawa zachukua mizigo tu, hata tarehe 27 Julai. Rwanda nayo ilifanya hivyo, ikaziachia mwanzoni mwa Juni. Kenya ilifunga mpaka wake nasi tarehe 16 Mei, isipokuwa kwa malori ya mizigo, na madereva wakapimwa Namanga huku foleni ya malori imejipanga. Kwetu sisi misikiti haikufungwa wala barabara haikufungwa. Hukumu ya safari iliachiwa kila nyumba, na nyumba nyingi hazikuwa zimezoea kuhukumu jambo kama hilo.

Hapana budi tutaje habari ya Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, kwani yeye naye alikuwa njiani. Katika zama za tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijra, yaani 639, alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wake, na Abu Ubaida miongoni mwao, wakamlaki na kumwambia kuwa tauni imeanguka katika nchi. Tazama alivyofanya. Aliwaita Muhajirina akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, wakahitilafiana vile vile. Akawaita wazee wa Makureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arudi. Akaamrisha kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa yuatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni penye upande wa majani na upande mkavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo wakati wa mashauri, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kwamba mkisikia tauni i katika nchi msiiingie, na ikitokea katika nchi nanyi mmo msitoke kwa kuikimbia.

Wengi huitaja habari hii kwa ajili ya hadithi hiyo tu. Mimi naona mna jambo jingine ambalo wasafiri wetu huliruka. Umar alikwisha safiri siku nyingi pamoja na watu na mizigo, akageuka. Kugeuka kulikuwamo katika safari yake tangu mwanzo. Vijana wetu hupanga kwenda; ni wachache wapangao mahali pa kugeukia.

Sasa tuijie pikipiki yenyewe. Yule mdogo alisema, na neno lake si la kipuuzi, kuwa pikipiki ni salama kuliko basi wakati wa ugonjwa uendao kwa pumzi. Ni kweli kwa sehemu. Ndani ya basi watu hamsini huvuta hewa moja kwa saa tano. Mwenye pikipiki yuko katika upepo peke yake. Lakini maradhi hayakai barabarani, yakaa penye vituo. Huambukizwa pale anapojaza mafuta, anapokula kwa mama lishe, anapoziba tyubu kwa fundi huku watu sita wameinama juu ya gurudumu moja, na zaidi ya yote anapofika na kukumbatiwa. Na akimpakia rafiki mgongoni faida ya upepo yapungua. Wakiwa mshikaki, watu watatu juu ya kiti kimoja, haipo kabisa, na sheria ya barabarani yakataza. Kofia ngumu ya kuazimana nayo ni mlango wa maradhi, kwani hufunika kinywa na pua za watu mbalimbali kwa siku moja. Kila mtu na yake. Wala asije mtu akaiacha nyumbani kwa hofu ya uchafu: kichwa kilichopasuka hakingoji siku kumi na nne.

Hilo latuleta kwenye jambo ambalo barua haikulitaja. Wakati wa maradhi ajali moja huwa mbili, maana mvunjika mguu hupelekwa katika wodi ile ile wanamolala wenye kikohozi, na humkalia mgonjwa mwingine kitanda. Kwa hivyo mwendo wa siku hizo uwe wa pole kuliko desturi, na usiku usiendeshwe kabisa.

Njia ya Kondoa twaijua. Toka Arusha hata Babati ni kilomita kama 170, na Babati hata Kondoa kama 100. Yote ni lami, kwani ile barabara ya Dodoma na Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018. Pikipiki nzima ya 150 huenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja, basi mwenye tangi la lita kumi lililojaa tokea Arusha aweza kufika asishuke katika kituo cho chote cha mafuta. Hiyo ni hesabu ya kupangia. Achukue tyubu, pampu, spana, plagi, waya wa klachi na kiungo cha cheni, akague cheni na matairi siku mbili kabla, siyo asubuhi ya safari. Chakula chake kitoke jikoni kwa mama yake, maandazi na tende na maji ya kutosha, ale chini ya mti. Na sala kadhalika: safari hii yapita ule umbali wa kupunguza sala, basi atandike mswala wake kando ya njia, akusanye Adhuhuri na Alasiri, asibanane na watu msikitini Babati hali hajui alichokibeba. Kati ya Makuyuni na Minjingu ajihadhari, kwani wanyama wa Tarangire na Manyara huvuka hapo, na tembo jioni hana taa ya nyuma. Kule Bereko na Kolo kuna miteremko na kona, na mvua za masika zikiwa hazijakwisha, utelezi.

Ama wale ambao haja yao ni kupanda pikipiki tu, kupunga upepo, hawana sababu ya kwenda mkoa mwingine wakati wa ugonjwa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, wazungukika kwa siku moja. Hutoka mjini kwa barabara ya Moshi hata Usa River, ukapinda kaskazini kwenda Ngurdoto na Momella, ukatokea Ngarenanyuki, ukazunguka mgongo wa mlima hata Oldonyo Sambu kwenye barabara ya Namanga, ukarudi kwa Ngaramtoni. Njia yapita hifadhini, basi aulize langoni sheria yao juu ya pikipiki. Kuzungukazunguka kutazama wanyama kwa pikipiki hakuruhusiwi. Jioni yuko kwao, hakulala kwa mtu.

Tena maradhi si mamoja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa korona si dharura tena, lakini mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Kagera ilitangaziwa ugonjwa wa Marburg, na tena Januari 2025. Marburg haiendi kwa pumzi kama korona. Yaenda kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Mwenye pikipiki aendaye kwenye ugonjwa wa namna hiyo hatari yake haiko njiani, iko kwenye kuuguza na kuosha maiti. Kwa hivyo kabla ya kupanga siku wala mafuta, iulizwe kwanza habari ya ugonjwa wenyewe: waendaje, na mtu hukaa nao siku ngapi kabla haujaonekana. Kwa korona ile ya 2020 dalili zilikuwa zikitokea mara nyingi siku ya tano au ya sita, na mwisho wake siku kumi na nne.

Na hapo ndipo jibu la mama lilipo. Mdogo hakuvunja sheria ya serikali, wala safari yake ya njiani haikuwa na ubaya mkubwa. Upungufu ulikuwa mlangoni. Mtu atokaye katika mji wenye ugonjwa, akaingia chumbani kwa mzee, akala naye sahani moja, amemfanyia mzee hukumu asiyoulizwa. Angeweza kwenda, akalala kwa jamaa wenye umri wake, akamsalimia bibi uani, yeye amevaa barakoa na kukaa mbali naye. Na kama hayo hayawezekani katika nyumba ile, hapo ndipo pa kugeukia, hata kama ni Babati. Na bibi mwenyewe angeulizwa kwa simu kabla. Wazee wengine wangalisema njoo, nikuone kabla sijafa, na hiyo ni haki yao kusema.

Lakini mkubwa naye kwa neno lile amedhulumu. Ile homa ya siku ya kumi yaweza kuwa ilitoka kwa mjukuu, na kule kutonusa kwazidisha shaka, siwezi kumficha mama jambo hili. Yaweza pia kuwa ilitoka sokoni, au kwa jirani aliyekuja kutoa mkono wa Idi. Hapakupimwa mtu. Kumwita Mwislamu muuaji kwa shaka ni jambo zito, na amwombe ndugu yake radhi bila ya kungoja kwanza mwenzake akiri.

Mdogo naye amebakiwa na deni moja. Kule Kondoa yuko shangazi yao aliyemuuguza bibi wiki zile tatu, na hajui habari ya kutonusa. Amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo, siyo kwa simu. Mama asema Idi hii wote wawili wana nafasi. Basi waende pamoja, kila mmoja na pikipiki yake, walizuru kaburi kwanza, kisha waingie kwa shangazi. Waondoke baada ya sala ya alfajiri, wawahi kupita Kisongo kabla upepo na vumbi havijaanza.