Wakongwe Wawili Katika Sahani Moja

Zamani santuri iliitwa pia sahani, na wazee waliokulia penye gramafoni wangali wanaiita hivyo. Jina hilo lafaa sana kwa habari ya juma hili, kwa maana inahusu wanamuziki wawili wa Uingereza ambao kwa muda wa miaka arobaini kila mmoja alikula katika sinia lake, kisha uzeeni wakakaa kitako wakala katika sahani moja. Wa kwanza ni Chris Squire, mpiga gitaa la besi wa kundi la Yes. Wa pili ni Steve Hackett, aliyekuwa mpiga gitaa la solo wa kundi la Genesis. Santuri yao iliitwa A Life Within a Day, yaani maisha ndani ya siku moja, nayo ilitolewa mwezi Mei mwaka 2012. Wakati huo Squire alikuwa na umri wa miaka 64 na Hackett miaka 62.

Mitaani mtu akisema kwamba atakula na mwenziwe sahani moja, mara nyingi huwa anamtisha. Hapa maneno hayo yachukuliwe kwa maana yake ya asili.

Muziki wao ni roki, lakini ni roki ya aina yake, iitwayo progresivu. Ilistawi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliouanzisha walikuwa vijana waliochoshwa na wimbo wa dakika tatu wenye beti mbili na kiitikio. Waliutaka wimbo uwe mrefu kama hadithi, uwe na sura zake, upande na kushuka, ubadilishe mwendo katikati ya njia, na uchukue kutoka kwa muziki wa kanisani na wa okestra za kale. Mwaka 1972 Yes walitoa santuri iliyoitwa Close to the Edge, ambayo upande wake mzima wa kwanza ni wimbo mmoja tu wa dakika zaidi ya 18. Mwaka huo huo Genesis walitoa Foxtrot, na ndani yake umo wimbo unaokaribia dakika 23. Mpenzi wa dansi aliyezoea kuigeuza santuri ndogo ili apate sehemu ya pili ya wimbo atafahamu ukubwa wa jambo hilo. Wapo waliosema kwamba muziki huu ni wa majivuno, na kwa hakika majivuno hayakukosekana. Lakini vijana wale walijua kupiga vyombo.

Squire alizaliwa London tarehe 4 Machi 1948. Mwalimu wake wa kwanza wa muziki alikuwa kiongozi wa kwaya, Barry Rose, katika kanisa la Mtakatifu Andrea mtaani Kingsbury, ambako alifundishwa kuimba sauti moja huku sikio likisikiliza sauti nyingine tatu. Baadaye alisimamishwa shule kwa sababu ya nywele ndefu, na badala ya kwenda kwa kinyozi akarudi nyumbani, asionekane tena shuleni. (Mfano huo haumfai askari aliye kikosini.) Akapata kazi katika duka la vyombo vya muziki, akanunua hapo gitaa la besi la Rickenbacker kwa bei nafuu ya wafanyakazi, na gitaa hilo likawa silaha yake mpaka mwisho. Mwaka 1968 alianzisha kundi la Yes pamoja na mwimbaji Jon Anderson. Waimbaji walikuja wakaenda, wapiga kinanda wakabadilishwa kama walinzi wa lango, lakini Squire hakutoka. Kila santuri ya studio ambayo Yes waliitoa katika uhai wake, yeye yumo.

Ndugu zetu wa bendi ya polisi wanajua kazi ya tuba katika gwaride: iko chini, ni nzito, na watu hawaitazami, ila ikinyamaza hatua za wote huvurugika. Katika makundi mengi besi hufanya kazi hiyo hiyo. Squire aliifanya, kisha akaongeza ya kwake. Alizipiga nyuzi kwa kipande cha plastiki badala ya vidole, akazipa mlio mkali wenye kung'aa, na mara nyingi besi yake iliacha kulifuata gitaa la solo, ikawa yajibizana nalo. Msikilizaji aweza kuushika wimbo wa Yes kwa kuifuata besi peke yake, jambo ambalo ni nadra.

Steve Hackett alizaliwa London pia, tarehe 12 Februari 1950, naye ni mtu wa tabia nyingine kabisa. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiweka matangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker, akitafuta wenzake wa kupiga nao. Tangazo lake la Desemba 1970 lilisema kwamba anawatafuta watu walio tayari kuuvuka muziki uliodumaa, na aliyelijibu alikuwa Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis. Akajiunga nao mwanzoni mwa 1971. Jukwaani alikaa juu ya kiti, kichwa ameinamisha, kama karani anayejumlisha hesabu. Lakini vidole vyake vilifanya mambo. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika roki kupiga nyuzi kwa mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, ufundi ambao miaka mingi baadaye ulisifiwa kana kwamba umezaliwa Marekani. Akichoka na umeme, hushika gitaa la nyuzi za nailoni akapiga vipande vya utulivu vinavyomkumbusha mtu muziki wa Bach.

Mwaka 1977 Hackett aliondoka Genesis. Alikuwa na nyimbo nyingi kuliko nafasi aliyopewa, akaona ni heri ajenge nyumba yake. Hivyo mmoja wa wakongwe hawa ni mkaaji, aliyelinda nyumba ileile tangu ujana hata kufa. Na mwenziwe ni mhamaji, aliyetoka na mzigo wake akaanza upya. Santuri ya mwaka 2012 iliwakutanisha watu wa namna hizo mbili, na mtu akiisikiliza kwa makini atagundua kwamba kila mmoja alimpa mwenziwe kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekikosa.

Njia zao zilikuwa zimekaribiana zamani. Mwaka 1976, Hackett angali Genesis, mpiga ngoma wa zamani wa Yes, Bill Bruford, alifuatana na Genesis katika ziara yao. Miaka kumi baadaye Hackett aliungana na Steve Howe, mpiga solo wa Yes, wakaunda kundi lililoitwa GTR. Santuri yao ya 1986 ilinunuliwa sana Marekani, na wimbo wake mmoja uliingia katika ishirini bora huko, lakini Hackett hakukaa, na kundi halikupata santuri ya pili ya studio. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapo palikuwa na magitaa mawili ya solo, yenye mabwana wawili waliozoea kusimama mbele.

Besi na solo si mafahali wawili. Kila kimoja chahitaji nafasi ambayo kingine hakiitaki. Pengine ndiyo maana mambo ya Squire na Hackett yalianza kimya kimya, bila mkataba mkubwa wala kelele za magazeti. Mwaka 2007 Squire alikuwa akitengeneza santuri ya nyimbo za Krismasi pamoja na kwaya, akirudi katika muziki wa utoto wake, akamwomba Hackett aje apige gitaa. Hackett akaja. Deni likalipwa kwa deni: Squire naye akapiga besi katika santuri ya Hackett ya mwaka 2009, Out of the Tunnel's Mouth, na tena katika ile ya 2011. Katika kwenda na kurudi huko nyimbo zikaanza kurundikana mezani. Nyingine zililetwa na Squire zikiwa nusu, nyingine zilikuwa za Hackett, na kila mmoja akawa anamalizia kiporo cha mwenziwe. Wimbo uitwao Aliens, unaowaza kwamba wageni kutoka angani huenda wakawa ni sisi wenyewe tunaotoka siku zijazo, Yes walikwisha upiga jukwaani kabla haujaingia katika santuri hii.

Jina la umoja wao walilitunga kwa kugonganisha majina yao: Squackett. Ni kama Juma na Hamisi wajiite Jumisi. Halipendezi sana masikioni, lakini laonyesha kwamba hapakuwa na aliyegombania jina lake litangulie likiwa zima.

Mtu wa tatu asisahauliwe. Roger King, mpiga kinanda ambaye kwa miaka mingi amekuwa mkono wa kuume wa Hackett studioni, ndiye aliyevishona vipande hivi vikawa vazi moja. Yeye ndiye mtayarishaji wa santuri. Ngoma zilipigwa na Jeremy Stacey, na katika waimbaji yumo mwanamama Amanda Lehmann.

Mpenzi wa Yes au wa Genesis akiiweka santuri hii, huenda akangoja wimbo wa dakika ishirini. Hautakuja. Nyimbo ni tisa, na zote zina urefu wa kiasi. Ule wa kwanza, uliobeba jina la santuri, huingia kwa mwendo mzito wa kutisha, kama kikosi kinachopanda mlima, halafu katikati hutoka mbio ghafla, besi na gitaa vikifukuzana. Hapo tu ndipo wakongwe hawa wanapoonyesha misuli yao ya zamani bila haya. Wimbo wa Tall Ships umejengwa juu ya besi ya Squire, na besi hiyo yatembea kwa raha kama mtu aliye likizoni. The Summer Backwards ni wa upole, wafaa kusikilizwa jioni watoto wakiwa wamelala. Wa mwisho, uitwao Perfect Love Song, una utamu uliozidi kidogo. Sukari ingepunguzwa kijiko kimoja, chai ingekuwa nzuri zaidi.

Lakini uzuri wa sahani hii hauko katika magitaa. Uko katika sauti za watu. Hackett hakulelewa na kwaya. Alipokuwa Genesis kazi ya kuimba ilikuwa ya wengine, na hata alipojitegemea alianza kwa kuwaalika waimbaji wamwimbie. Ni mwaka 1981, katika santuri yake Cured, ndipo alipojitwika uimbaji wote yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima wa miaka 31. Sauti yake ni ya kawaida, ya mtu anayesema kweli pole pole. Squire kwa upande wake aliimba tangu utotoni, lakini katika Yes mara nyingi alikuwa sauti ya pili, nyuma ya Anderson. Kwa hiyo hawa ni watu wawili ambao umaarufu wao wote ulitoka katika vidole. Walipokutana uzeeni, jambo walilolifanya zaidi ya yote lilikuwa kuimba pamoja. Squire alizipanga sauti kama alivyofundishwa na mwalimu Rose, moja juu ya nyingine. Sauti ya Hackett ambayo peke yake ingeonekana nyembamba, ikisimama katikati ya sauti ya Squire hupata mwili. Na ya Squire, iliyozoea kusindikiza, safari hii yasikika ikiongoza.

Hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye sifa. Mpiga solo aliyesifiwa duniani kote anapoambiwa kwamba hapa gitaa linyamaze tuimbe, akakubali, hapo pana heshima. Zipo nafasi kadhaa katika santuri hii ambapo sikio latazamia gitaa la Hackett liruke, nalo halikuruka, kwa sababu sauti zilikuwa hazijamaliza kusema.

Kilichopungua kilikuwa muda. Wakati santuri inatoka, Squire alikuwa na Yes, na Yes walikuwa na ziara zao. Hackett naye alikuwa ameanza kuzirudia nyimbo za kale za Genesis na kuzunguka nazo nchi nyingi. Ziara ya Squackett haikupatikana, wala santuri ya pili. Waliochelewa kuinunua sahani hii hawakupata nafasi ya kuwaona wawili hao wakiipakua jukwaani.

Mwezi Mei 2015 ilitangazwa kwamba Squire anaugua saratani ya damu na kwamba hatashiriki ziara ya Yes ya kiangazi. Tarehe 27 Juni mwaka huo alifariki dunia katika mji wa Phoenix, Marekani, akiwa na umri wa miaka 67. Hackett angali akizunguka na gitaa lake hata katika miaka hii ya 2020.

Miezi mitatu hivi kabla ya kifo hicho Hackett alikuwa ametoa santuri yake nyingine, Wolflight. Ndani yake umo wimbo uitwao Love Song to a Vampire, unaoanza kwa utulivu na kuishia kwa kishindo. Besi iliyomo ni ya Chris Squire.