Baada ya Tumbo Kupunguzwa: Kipimo cha Chakula na Haki ya Mwili

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, juma hili tumeletewa swali na dada yetu aliyezaliwa huku pwani na kuolewa Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, naye mwenyewe huuza madira na mitandio karibu na kivukio. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko Nairobi, baada ya ugonjwa wa sukari na maumivu ya magoti kumlemea. Alikuwa na kilo 124. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu alishuka hadi kilo 83, na leo mizani yaonyesha 89. Ukoo ulichangishana fedha za matibabu hayo, na sasa amesikia ikinong'onwa harusini kwamba fedha za watu amezila pamoja na pilau. Mama mkwe amemshauri afunge kila siku mpaka kilo zile sita ziondoke. Jirani naye amemletea majani ya kuchemsha yaliyovushwa mpaka, yasemwayo kuwa hukausha mwili. Dada yetu auliza: ale kiasi gani, na je, afunge?

Tuanze na hukumu ya jambo lenyewe, maana wako wanaodhani kuwa upasuaji huu ni kubadilisha maumbile. Upasuaji uliofanywa kwa shauri la tabibu mwaminifu, kwa ajili ya kuondoa maradhi au kuzuia madhara, ni matibabu, na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, amewahimiza waja watafute dawa. Haufanani na wa mtu mzima wa afya atakaye umbo la kujionyesha. Wala dada yetu si wa ajabu miongoni mwa wanawake wa nchi hii. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kama theluthi ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Basi amnong'onaye mwenziwe harusini na ajitazame yeye, binti zake na dada zake kwanza.

Sasa tueleze alichofanyiwa, kwani mengi ya maneno ya watu yatokana na kutojua. Katika upasuaji wa aina yake, sehemu ndogo ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko kidogo kuliko yai la kuku, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mkato. Iko aina nyingine, ambayo robo tatu ya tumbo au zaidi hukatwa na kuondolewa, likabaki jembamba kama mrija. Katika aina zote mbili mtu hushiba upesi, na njaa yenyewe hupungua kwa muda, kwa kuwa homoni zinazoiamsha hubadilika.

Muda huo hauwi wa milele. Huko Uswidi ulianzishwa mwaka 1987 uchunguzi mkubwa uliowafuata watu waliopasuliwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Walipofikia mwaka wa kumi, upungufu ulikuwa umesimama kwenye asilimia 25. Tukiitia hesabu hiyo kwa mtu wa kilo 124, angeshuka hadi karibu kilo 84, kisha baada ya miaka kumi angekuwa na kilo 93 hivi. Basi dada yetu mwenye kilo 89 hajapoteza fedha za mtu. Amebaki mwepesi kwa kilo 35 kuliko alivyoingia hospitali, na kurudi kwa kilo chache ni jambo linalowapata wengi. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mzito, na njaa iliyolala huamka. Hayo ni maumbile, wala hayapimi imani ya mtu.

Hata hivyo, kilo sita ni ishara ya kuangaliwa mapema. Hapa ndipo ilipo haja ya kujua kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama pishi ilivyo kipimo cha nafaka. Katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, wengi huongozwa wafikie kalori 1,000 hadi 1,200 kwa siku, kisha kiwango hupandishwa taratibu kwa kadiri ya mwili, umri na kazi ya mtu. Hakuna hesabu moja iwafaayo wote, na aipangaye ni tabibu au mtaalamu wa lishe anayemjua mgonjwa. Lakini hesabu ya kile kinachozidi, kila mama aweza kuifanya jikoni mwake.

Kifuko kidogo huzuia sahani ya ugali. Hakizuii kinywaji, kwa sababu kinywaji hupita bila kukaa. Tutazame siku ya mfanyabiashara wa Busia au Malaba. Alfajiri ametoka bila kula. Saa tatu amekunywa chai ya maziwa, na saa tano amekunywa nyingine. Mchana jua limekuwa kali, amenunua soda. Alasiri ametafuna njugu huku akiongea na wateja. Usiku, akiwa amechoka, amekula chapati mbili kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili. Ukimwuliza, atakuambia kwa kweli kabisa kwamba hajala mlo hata mmoja wa maana. Lakini kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16. Vikombe vinne vya vijiko vitatu vitatu ni karibu kalori 190. Chupa ndogo ya soda ina zaidi ya 120. Kijiko kikubwa cha mafuta, awe ameyatia kwenye mchuzi au yamenywewa na chapati, kina karibu 120. Gao dogo la njugu lapita 150. Haba na haba hujaza kibaba. Kalori 100 tu zinazozidi kila siku ni 36,500 kwa mwaka, na kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama 7,700. Mwili haufuati hesabu ya karatasi barabara, lakini msomaji ameona jinsi kilo nne au tano ziwezavyo kurudi bila ya mtu kushika sahani iliyojaa.

Basi jibu la kwanza kwa dada yetu si ale kidogo zaidi. Ni kupanga anachokula na wakati wa kukila. Apate milo mitatu midogo inayojulikana, na kati yake asitafunetafune. Aanze kila mlo na chakula cha kujenga mwili, ambacho ni protini. Waliopasuliwa huagizwa wapate gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, na wakiikosa mwili hula misuli yake wenyewe. Mola ameijaalia Busia neema kwa jambo hili. Samaki wa ziwa hufika sokoni kutoka Port Victoria, omena wapo, kunde na maharagwe yapo, na mayai huvuka kwa trei kutoka Uganda. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini kwa kalori 70 na kidogo. Yai hilohilo likifungwa ndani ya chapati ya mafuta, kama linavyouzwa kandokando ya barabara kwa jina la rolex, huwa limebeba mzigo mwingine. Baada ya samaki au maharagwe zifuate mboga, na ugali au matoke uwe wa mwisho na kidogo. Atafune sana, ale polepole, na ashikapo shibe asimame. Maji ayanywe kati ya milo, akiacha kama nusu saa kabla na baada ya kula. Chai aipunguze sukari hatua kwa hatua mpaka aizoee bila sukari.

Mtume wetu, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib, alitufunza kuwa matonge machache ya kuuweka mgongo wima yamtosha mwanadamu, na kama hapana budi kuzidisha, basi tumbo ligawanywe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Aliyepasuliwa amerudishwa kwenye adabu hiyo kwa lazima, na sisi tuliosalimika tumeachiwa kwa hiari yetu.

Lingine ni mwendo. Jina la boda boda lilizaliwa papo hapo Busia, baiskeli zikiwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Dada yetu na aiache boda pale penye usalama, aende kwa miguu nyumbani na dukani. Ajipime mara moja kwa juma, siku ileile, na kuandika. Kilo mbili zikizidi, ndio wakati wa kumtafuta mtaalamu, kabla hazijawa kumi.

Ama ushauri wa kufunga kila siku, twamheshimu mama mkwe na nia yake, lakini hatuuafiki. Salman alipomtembelea nduguye Abu Dardaa, alimkuta amejinyima chakula na usingizi kwa ajili ya ibada. Akamfanya ale pamoja naye, akamkumbusha kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na mke ana haki yake, na Mtume alipopata habari alimsadikisha Salman. Saumu ni ibada, haikuwekwa kuwa adhabu ya kilo. Mwenye kifuko kidogo hawezi kufidia maji ya siku nzima kwa pumzi moja magharibi, wala kupata gramu 60 za protini kwa mlo mmoja. Njaa ya mchana ikimalizikia kwenye kaimati za shira na sharubati, huenda akapatwa na jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kumsokota na kuharisha, kwa kuwa sukari hiyo huingia utumboni kwa ghafla.

Kuhusu Ramadhani, aende mapema kwa tabibu wake kabla ya mwezi kuandama. Wako wanaoruhusiwa kufunga baada ya mwili kutulia, na wako wanaokatazwa, hasa miezi ya mwanzo. Akikatazwa kwa muda atalipa siku atakapoweza, na ikiwa udhuru wake hautarajiwi kuondoka atatoa fidia. Ruhusa hiyo ameiweka Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara, na aitumiaye hana wa kumwonea haya.

Yale majani ya jirani ayarudishe kwa shukrani. Kitu kisichojulikana kilichomo hakifai kuingia katika tumbo lililoshonwa. Ajihadhari pia na vidonge vya maumivu vinavyouzwa ovyo madukani. Ibuprofen na diclofenac zaweza kuleta vidonda katika kifuko kile, kwa hiyo magoti yakimuuma amwambie muuza dawa kwamba alipasuliwa tumbo. Vitamini na madini alivyoandikiwa, vikiwemo chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, ni vya maisha yake yote. Mwanamke mwenye hedhi aliyeziacha huishiwa damu kidogokidogo, akadhani ni uchovu wa biashara. Apimwe damu kila mwaka. Na yeyote aliyepasuliwa akitapika siku baada ya siku, au miguu ikifa ganzi na mwendo kuyumba, akimbizwe hospitali siku hiyohiyo, maana upungufu wa vitamini B1 huharibu mishipa ya fahamu upesi. Kwa dada zetu wadogo waliopasuliwa karibuni, matabibu huwashauri wasishike mimba kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita.

Maneno yetu ya mwisho twawaelekezea wa nyumbani. Ewe ndugu dereva, wewe wazijua foleni za Malaba, na twajua kuwa mtu akikaa siku mbili ndani ya lori hurudi nyumbani na hamu ya chipsi na soda. Usiviweke mezani mbele ya mkeo kisha ukamhesabia matonge. Kipikwe chungu kimoja, samaki na mboga, wale watoto na wewe ule. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nanyi mama zetu mnaoandaa karamu, mgeni akisema yamtosha, mwitikieni. Kumwapia Mungu kuwa asipoongeza amekudharau ni kuukaribisha mwili wake kwenye dhara kwa jina la ukarimu. Na waliochanga fedha wakumbuke kuwa sadaka hupotea kwa masimbulizi. Dada aliyesimangwa hula kwa siri, huacha kliniki kwa aibu, na hapo ndipo kilo hurudi kweli.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye dada yetu, amthibitishie afya yake, na atujaalie sote kula kwa kiasi na kusema kwa kiasi. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.