Tusimmalize Kaa wa Mto kwa Dawa Zetu

Wakulima wenzangu wa Ngoliba,

Tumekaa kati ya mito miwili, Athi na Thika, na mboga zetu nyingi hupata maji kutoka mito hiyo. Leo nataka kusema juu ya mnyama mdogo ambaye wengi humdharau: kaa wa mto. Huyu ni mwenyeji wa nchi hii. Si yule kamba mwekundu wa Marekani aliyeletwa Naivasha mwaka 1970.

Kaa ana kazi kubwa. Hula majani yaozayo na mizoga, na hivyo husaidia kusafisha mto. Naye huliwa na kambare, fisi maji na ndege. Akitoweka, hao nao watapungukiwa na chakula.

Kaa wa baharini hutoa watoto wengi mno, wakachukuliwa na maji mpaka mbali. Kaa wa mto si hivyo. Mayai yake ni machache, na mama huyachukua chini ya tumbo mpaka watoto watoke wakiwa kaa kamili. Basi kaa wa mahali pamoja wakifa, wengine hawaji upesi kujaza pengo lao.

Na sisi twawauaje? Kaa ni jamaa ya wadudu. Dawa iuayo viwavi vya nyanya humwua na yeye. Mtu akiosha pampu ya dawa mtoni, au akilima mpaka ukingoni mvua ikateremsha udongo na dawa, amemtilia kaa sumu.

Najua mtajibu kwamba Athi hutufikia ikiwa imekwisha chafuliwa na Nairobi, na kwamba ardhi ya ukingoni ndiyo yenye unyevu. Yote mawili ni kweli. Uchafu wa Nairobi yapasa uzuiwe huko huko. Lakini tutadaije usafi kwa wengine, hali na sisi twaosha pampu humo humo? Nao wenzetu wa Machakos na Makueni hungoja maji hayo.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo uachwe, mita 6 hadi 30. Tuache majani na miti ikue hapo. Pampu ioshwe shambani, na maji yake yamwagwe juu ya mimea iliyokwisha pigwa dawa.

Kisha geuza jiwe pale penye maji machache. Ukimwona kaa, mwache. Usipomwona mahali ulipozoea kumwona, jiulize maji hayo yana nini.