Kung'arisha jicho si kulitibu

Jicho likiwa jekundu na kuwasha, wengi wetu hukimbilia dukani kununua matone ya kuling'arisha. Maoni yangu ni kwamba dawa hii inatumiwa kiholela mno.

Matone yenye nafazolini au tetrahidrozolini hubana mishipa midogo ya damu. Hayaui viini vya ugonjwa. Ukiyatumia zaidi ya siku 3 mfululizo, mishipa huweza kutanuka tena na jicho likawa jekundu kuliko awali. Ndipo mtu huzidisha dawa, na kuwa mtumwa wa chupa.

Nawa mikono kwanza, vua lenzi ikiwa unazivaa, na ncha ya chupa isiguse jicho. Usimwazime mwenzako. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, asitumie bila kumwona daktari. Weka chupa mbali na watoto: mtoto akinywa hata kiasi kidogo, mapigo ya moyo huweza kupungua na akapoteza fahamu.

Jicho likiuma, likitoa usaha au likiona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wekundu ni kengele. Usiinyamazishe kabla ya kujua inaonya nini.