Usiseme "Ni Uzee Tu"



Katika nyumba zetu mna maneno yanayofunga mlango wa tiba: "Ni uzee tu." Bibi akikohoa mwezi mzima, ni uzee. Akihema kwa kupanda ngazi chache, ni uzee. Juma hili tutazame uzee huo unafanyaje kazi ndani ya mwili, na kwa nini jiko limo katika habari hii.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na nyingi kati yake hujigawa ili kuchukua nafasi ya zilizokufa. Mwaka 1961 wanasayansi wa Marekani, Leonard Hayflick na Paul Moorhead, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabarani hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha husita. Seli iliyosita haifi. Hubaki mahali pake ikitoa kemikali zinazochochea uvimbe na kuzidhuru seli jirani. Haikosi faida, kwani husaidia kidonda kupona, na kule kusita huizuia seli iliyoharibika isigeuke saratani. Ujanani kinga ya mwili huzifagia. Umri ukisonga hulimbikizana, na watafiti wanazihusisha na maradhi ya viungo, mishipa ya damu na mapafu.

Hata hivyo, si miaka peke yake inayozeesha seli. Imeonekana maabarani kwamba moshi wa sigara huzeesha seli za mapafu kabla ya wakati wake. Moshi wa kuni una sumu nyingi zinazofanana na hizo, nao ni miongoni mwa sababu kuu za maradhi sugu ya kuziba njia za hewa kwa wanawake ambao hawajapata kuvuta sigara.

Tuwakumbuke basi dada zetu wa Kisumu. Mtaani Obunga wako wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara itokayo viwandani, na kando ya ziwa wako wanaokausha samaki kwa moshi. Riziki yao ni ya halali na jasho lao ni la heshima, lakini pumzi yao ndiyo inayolipa gharama. Huko Nyanza watafiti walipima majiko sita yaliyoboreshwa katika nyumba za vijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Moshi ulipungua, ila haukushuka hadi kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maana yake, jiko bora ni hatua njema, lakini halitoshi bila dirisha, dohani na kuni zilizokauka vizuri.

Je, iko dawa ya kuziondoa seli hizo? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliziondoa katika panya waliozeeka upesi, na baadhi ya dalili za uzee zikachelewa. Mwaka 2019 yakachapishwa majaribio kwa wagonjwa 14 wa mapafu, waliopewa dawa ya saratani ya damu pamoja na kemikali ipatikanayo pia katika vitunguu. Mwendo wao uliimarika kidogo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, kwa hiyo hukumu bado. Anayekuuzia leo kidonge cha "kurudisha ujana" anakuuzia matumaini.

Yaliyo mikononi mwetu ni haya: tupikie penye hewa, tuwaweke watoto mbali na moshi, wavutaji waache sigara, na wazee watembee kila siku kadiri ya nguvu zao. Na mama akikohoa zaidi ya majuma mawili, apelekwe hospitali. Huenda ni kifua kikuu, pumu au moyo, na yote yana matibabu. Kumtunza mzazi ni pamoja na kutompa jina la uzee badala ya daktari.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.