Chujio la Wazi kwa Gari la Turbo? Mimi Sikubali

Siku hizi ukipita karibu na gereji utasikia Subaru ikivuma "fshuuu!", na vijana wamejaa hapo wakishangilia. Mjomba wangu naye ameingiwa na homa hiyo. Ana Forester ya turbo, na ameweka akiba ili ang'oe kisanduku cha chujio la hewa kilichotoka kiwandani, aweke bomba la chuma na chujio la wazi lenye umbo la pia. Aliponiuliza maoni nilimjibu bila kumung'unya maneno: Mjomba, usiweke.

Wanaoitetea wana hoja, sibishi. Turbo ni feni mbili kwenye fimbo moja: moshi wa ekzosi huzungusha ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa na kuishindilia katika injini. Hewa ikipata njia pana, feni haisumbuki kunyonya. Lakini kisanduku cha kiwandani kinaitosha injini ambayo haijaguswa. Mwenye haja ni yule aliyekwisha kubadilisha turbo, ekzosi na programu ya kompyuta. Mjomba hajabadilisha hata plagi!

Tena, ni hewa gani hiyo? Bomba la kiwandani huvuta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Chujio la wazi hukaa chini ya boneti likinyonya joto la injini, hasa kwenye msongamano, na hewa moto ina oksijeni haba. (Lile tundu la juu ya boneti lisiwadanganye. Si la chujio, ni la kupoza hewa iliyokwisha kushindiliwa.)

Kinachonitia hofu hasa ni sensa ya kupima hewa. Hukaa baada ya chujio, na kompyuta huitegemea kugawa petroli: karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli gari likienda taratibu, na petroli zaidi turbo ikishindilia. Sensa hiyo imepimiwa upana wa bomba lake. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa hupita polepole, kompyuta hudhani ni kidogo, basi petroli nayo hupunguzwa. Injini huanza kugonga, na mwisho pistoni hupasuka. Sasa hapo utaokoa nini?

Na vumbi je? Barabara yetu ni ya murram. Feni ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hivyo punje za mchanga zikipenya humega mapanga yake. Kuna machujio ya pamba yanayopakwa mafuta, lakini fundi akizidisha, mafuta huchafua sensa ile ile.

Sauti ni tamu, nakiri. Hata mimi hugeuza shingo. Lakini tairi za Mjomba zimekuwa vipara, na akiba ile ingenunua mbili pamoja na chujio jipya la karatasi. Amenicheka, ati mtoto wa Kidato cha Tatu atamfunza gari! Hata hivyo hajanunua bado. Jumamosi tunakwenda wote kwa fundi, na swali la sensa nitaliuliza mimi mwenyewe.